Kizuri Chajiuza? Picha za Historia na Wanunuzi Wake Katika Enzi ya Malkia Victoria

Wahenga wetu walisema kwamba kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza. Methali hii umeisikia tangu utotoni, msomaji, na yamkini hukupata kuitilia shaka. Ukienda sokoni utaiona kweli yake: embe lililoiva vema halihitaji mpiga kelele. Lakini je, kweli hiyo yadumu pale bidhaa inapokuwa si embe wala kanga, bali kazi ya akili na mkono wa msanii? Nataka tuipime methali hii kwa mfano mmoja: picha za historia zilizochorwa Uingereza katika enzi ya Malkia Victoria, aliyetawala tangu mwaka 1837 hata 1901, na matajiri wapya wa biashara waliozinunua. Mfano huu uko mbali nasi kwa mahali na kwa wakati, lakini utatufundisha namna ya kutazama picha yo yote inayodai kutuonyesha mambo ya kale.

Kwanza tuelewane juu ya jina. Picha ya historia, kwa maana ya wachoraji wa zamani wa Ulaya, haikuwa picha ya tukio lo lote lililopita. Ilikuwa picha kubwa ya tendo tukufu, lililotwaliwa katika Biblia, katika masimulizi ya Wayunani na Warumi, au katika vita na mabaraza ya wafalme. Chuo cha Kifalme cha Sanaa kilipoanzishwa London mwaka 1768, rais wake wa kwanza, Joshua Reynolds, aliwafundisha wanafunzi kwamba uchoraji wa namna hiyo ndio ulio juu kuliko wote. Picha za sura za watu, za mashamba na mito, za wanyama, na za matunda juu ya meza zilipangwa chini yake, daraja kwa daraja. Hoja ilikuwa hii: mchoraji wa matunda hutumia jicho na mkono tu, bali mchoraji wa historia hapana budi asome, afikiri, na awaonyeshe watu njia ya uadilifu.

Fundisho hilo lilipendeza kusikia, ila lilisahau jambo moja. Picha kubwa yataka ukuta mkubwa, na ukuta mkubwa una mwenyewe. Katika Italia kuta hizo zilikuwa za Kanisa. Katika Ufaransa zilikuwa za mfalme na serikali. Katika Uingereza makanisa ya Kiprotestanti hayakupenda picha nyingi, na serikali haikuwa na mazoea ya kuwaajiri wachoraji. Makabaila wenye majumba walitaka zaidi sura zao wenyewe na za farasi wao. Basi mchoraji wa historia alisifiwa chuoni na kulala njaa nyumbani.

Mtu aliyeyaonja hayo kwa uchungu kuliko wote ni Benjamin Robert Haydon, aliyezaliwa mwaka 1786. Haydon aliamini kwa moyo wake wote kwamba picha ya historia ingeliinua taifa zima, na hakutaka kuchora kitu kidogo. Picha yake ya kufufuliwa kwa Lazaro, aliyoimaliza mwaka 1823, ina kimo cha zaidi ya mita 4 na upana wa zaidi ya mita 6. Ni nyumba gani ya raia iwezayo kuipokea? Mwaka ule ule alikamatwa kwa madeni, na gereza la wadaiwa likawa mahali alipopajua vizuri. Tumaini lake la mwisho lilikuwa Bunge. Jengo la Bunge liliungua mwaka 1834, na ilipoamuliwa kwamba kuta za jengo jipya zipambwe kwa picha za historia ya nchi, wachoraji walishindanishwa mwaka 1843. Haydon, aliyekuwa amepigania jambo hilo kwa miaka mingi, hakupata tuzo.

Mwaka 1846 alikodi ukumbi katika mtaa wa Piccadilly, London, akaonyesha picha mbili kubwa: moja ya Aristides, Myunani mwadilifu, akifukuzwa katika mji wake, na nyingine ya Nero wakati Rumi ilipoungua. Katika jengo lilo hilo alikuwapo mtoto wa Kimarekani mwenye kimo kidogo cha ajabu, aliyeitwa Tom Thumb, akionyeshwa kwa watu kwa fedha. Haydon aliandika kwamba katika juma moja watu 12,000 walikwenda kumtazama Tom Thumb, na waliokuja kwake walikuwa 133 na nusu. Nusu hiyo ilikuwa mtoto mdogo wa kike. Mnamo tarehe 22 Juni mwaka huo Haydon alijiua katika chumba chake cha kazi. Alikuwa na umri wa miaka 60.

Hapo ndipo methali yetu inapoanza kutetereka. Ukisema kwamba picha za Haydon zilikuwa mbaya na ndiyo maana zilijitembeza, itakupasa useme pia kwamba maonyesho ya Tom Thumb yalikuwa mema kwa kuwa yalijiuza. Nadhani hutakubali kusema hivyo. Lakini usiikimbilie hukumu ya pili, iliyo nyepesi kama ya kwanza, kwamba Haydon alikuwa mkamilifu na watu wa zama zake walikuwa wajinga. Wataalamu wengi waliozitazama kazi zake wameona kwamba nia ilikuwa kubwa kuliko mkono. Zaidi ya hayo, wakati ule ule Haydon alipokuwa akilia kwamba Waingereza hawapendi sanaa, Waingereza wa aina mpya walikuwa wakinunua picha nyingi kuliko zilivyopata kununuliwa zamani.

Ni akina nani hao? Walikuwa watu wa tabaka la kati: si makabaila waliorithi ardhi, wala si wafanya kazi waliouza jasho lao kwa siku, bali wenye viwanda, wafanya biashara na wenye benki waliotajirishwa na mashine na meli. Robert Vernon alipata mali kwa kuliuzia jeshi farasi katika vita vya Napoleon. Mwaka 1847 alilipa taifa picha na sanamu 157. John Sheepshanks alitoka Leeds, katika jamaa ya watengeneza nguo za sufu. Mwaka 1857 alitoa picha 233 za rangi ya mafuta kwa makumbusho ya South Kensington, ambayo leo yaitwa Makumbusho ya Victoria na Albert. Thomas Holloway aliuza vidonge na marhamu, na Henry Tate alisafisha sukari. Hawakuwa watu waliokulia katika majumba yenye picha, na wengi wao hawakusoma Kiyunani wala Kilatini. Aristides alikuwa nani kwao?

Watu hawa walinunua kazi za wachoraji waliokuwa hai, na walikuwa na sababu ya kibiashara. Soko la picha za mabingwa wa kale lilikuwa limejaa bandia. Dalali mjanja aliweza kuipaka picha mpya moshi na vanishi, kisha akaiuza kwa jina la Raphael. Mchoraji aliye hai, kinyume cha hayo, anaweza kuulizwa: Je, hii ni kazi yako? Mtu aliyezoea kukagua marobota ya sufu kabla ya kulipa hakuona haya kukagua picha kwa namna iyo hiyo. Alitaka kuona kazi iliyofanywa: kila nyuzi ya zulia, kila kifungo cha koti, kila unywele wa mbwa. Alitaka pia picha itakayoenea juu ya ukuta wa sebule, iliyo na hadithi ambayo mke, watoto na wageni wataifahamu bila ya mwalimu.

Kulikuwa na nguvu nyingine tena: picha za chapa. Mchongaji aliinakili picha katika bamba la chuma, na kutoka bamba hilo nakala nyingi ziliuzwa kwa watu wasioweza kununua picha yenyewe. Mara nyingine haki ya kuchapa ilikuwa na thamani kubwa pamoja na picha. Mwaka 1860 mfanya biashara Ernest Gambart alimlipa William Holman Hunt ginea 5,500 kwa picha ya Mwokozi alipopatikana Hekaluni, pamoja na haki ya kuichapa. Na ginea moja ilikuwa shilingi 21. Jumuiya ya Sanaa ya London, iliyoanzishwa mwaka 1837, ilipokea ginea moja kwa mwaka kwa kila mwanachama, ikampa picha ya chapa, tena ikamwingiza katika bahati nasibu ya kupata fedha za kununulia kazi ya sanaa. Hivyo mchoraji hakuwa tena na bwana mmoja. Alikuwa na mabwana maelfu, na wote aliwajibika kuwapendeza.

Sasa tuangalie jinsi mabwana hao walivyoibadili historia yenyewe. Mwaka 1845 Edward Matthew Ward alionyesha picha ya Samuel Johnson, mtunga kamusi mashuhuri, akingoja katika chumba cha wageni cha Lord Chesterfield. Hapana vita humo, hapana mfalme. Yumo mtu mwenye elimu na mavazi duni, amekaa na uso wa hasira miongoni mwa waombaji wengine, na kabaila hana habari naye. Mnunuzi wake alikuwa Vernon, muuza farasi. Je, wahitaji kuambiwa kwa nini aliipenda? Kila mtu aliyejipandisha kwa juhudi yake mwenyewe alikuwa na siku aliyowahi kungojeshwa mlangoni mwa mkubwa. Historia ilikuwa imeshuka kutoka jukwaa la mashujaa ikaja kukaa kitini, ikasema habari ambazo mnunuzi alizijua kwa mwili wake.

Mimi siiti hali hiyo hasara tupu. Chukua picha ya William Frederick Yeames ya mwaka 1878, iliyoko Liverpool katika jumba la sanaa la Walker, lililojengwa kwa fedha za mtengeneza pombe. Jina lake ni swali: ni lini mara ya mwisho ulipomwona baba yako? Tumewekwa katika karne ya 17, wakati wa vita baina ya Mfalme wa Uingereza na Bunge lake. Watu wa Bunge wameiingia nyumba ya mfuasi wa Mfalme, wamekaa mezani, nao wanamhoji mtoto wa kiume aliyevaa nguo za buluu, aliyesimama juu ya kibago kidogo. Nyuma yake dada yake analia akingoja zamu, na askari amemshika kwa upole. Mama yupo kwa mbali, hawezi kusema neno. Tukio hili halikutokea kwa mtu yo yote ajulikanaye, Yeames alilibuni.

Hata hivyo jiulize, msomaji: wewe ungalijibu nini? Mtoto amefundishwa kusema kweli, na kweli itamwua baba yake. Amefundishwa kumpenda baba yake, na mapenzi yatamlazimisha kusema uongo. Tena mchoraji hakuwafanya wanaohoji kuwa majitu; wanaonekana watu wenye adabu, na jambo hilo lazidisha hofu. Picha kubwa ya mapigano ingalituonyesha nani alimshinda nani. Picha hii ya ukubwa wa kadiri yatuonyesha vita inavyoingia mlangoni na kumkuta asiyeianzisha. Kama huku ndiko kushuka kwa historia, basi historia ilishuka ikaokota kitu ambacho Haydon hakukiona kutoka juu alikokuwa.

Lakini kila ladha ina ugonjwa wake, na ugonjwa wa ladha hii ni kujipendeza. Mwaka ule ule wa 1878 John Everett Millais alichora watoto wawili wa Mfalme Edward wa Nne, waliofungwa katika ngome ya London mwaka 1483 wasionekane tena. Wamesimama gizani, wamevaa nguo nyeusi, nywele zao za dhahabu zinang'aa, wameshikana mikono. Rangi ni za bingwa. Walakini picha yataka kwetu chozi tu. Haitaki tuulize nani aliwafunga, kwa haki gani, na kiti cha enzi ni kitu gani hata kiuawe kwa ajili yake mtoto. Ukishalia, kazi yako imekwisha. Waweza kurudi kwenye chai yako ukiwa na hakika kwamba wewe ni mtu mwema. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Picha hiyo ilinunuliwa na Holloway, muuza vidonge, kwa ajili ya chuo cha wanawake alichokijenga Egham, kusini magharibi ya London. Mwaka 1882 alinunua nyingine, na bei yake ilizungumzwa mji mzima. Ni kazi ya Edwin Long, iliyoonyeshwa mara ya kwanza mwaka 1875, kuhusu soko la wake katika Babeli ya kale. Katika mnada Holloway alitoa ginea 6,300, bei ambayo hakuna picha ya mchoraji aliye hai iliyokuwa imeifikia mnadani Uingereza. Habari yenyewe yatoka kwa Herodotus, mwandishi wa Kiyunani: wasichana waliuzwa kwa mnada, wazuri wakatangulia, na fedha zilizotolewa kwa ajili yao zikawa mahari ya kuwaoza wasiopendeza. Long amewapanga wasichana safu moja chini, wakingoja zamu zao; juu dalali anamnadi mmoja, na wanunuzi wanamtazama kwa macho ya kupima.

Fikiri sasa juu ya ukumbi wa mnada mwaka 1882. Wanaume wenye fedha wamekaa, dalali yuko juu ya jukwaa, wanapandishiana bei. Na kinachouzwa ni picha ya wanaume wenye fedha wanaopandishiana bei mbele ya dalali. Kisha picha hiyo ikaenda kutundikwa katika chuo cha wasichana, na chuo kilipofunguliwa mwaka 1886 wanafunzi wakawa wakipita mbele yake. Je, Long alikuwa akiwakejeli wanunuzi wake, kwamba nao huoza binti zao kwa hesabu? Au aliwapa ruhusa ya kutazama jambo la aibu kwa sababu ni la kale na la mbali? Nimeitafakari sana, na jibu langu ni kwamba aliwapa yote mawili, wachague. Aliyetaka kejeli aliipata, na aliyetaka kustarehesha macho alistarehe. Ndiyo hila ya picha iliyotungwa ili ipendwe na watu wengi: haimkasirishi ye yote aliyelipa.

Ukiona kwamba mambo haya ni ya sebule za watu na hayatuhusu, tazama picha moja ya mwisho. Yapata mwaka 1863 Thomas Jones Barker alimchora Malkia Victoria katika jumba lake la Windsor akimkabidhi Biblia mjumbe kutoka Afrika. Malkia amesimama, amevaa mavazi meupe. Mumewe na mawaziri wako nyuma yake. Mwafrika amepiga goti, amejifunga ngozi ya chui, uso wake umeinuliwa kwa shukrani. Barker aliipa jina la siri ya ukuu wa Uingereza. Ilichongwa, ikachapwa, ikaenea katika nyumba za watu. Walakini haikupatikana kumbukumbu ya kuthibitisha kwamba tendo hilo lilitokea namna hiyo.

Angalia basi tofauti iliyopo. Yeames alibuni tukio, na Barker naye alichora lisilothibitika. Lakini Yeames alibuni ili amtie mtazamaji katika shida. Barker alibuni ili amtoe katika shida. Mwingereza aliyenunua chapa ile hakuulizwa swali lo lote. Aliambiwa kwamba ukuu wake watokana na ucha Mungu, wala hakuambiwa habari ya mizinga na biashara. Na yule aliyepiga goti hakupewa jina, wala nchi, wala neno la kusema. Hapo ndipo ladha ya mnunuzi inapokoma kuwa jambo la mapambo na kuwa jambo la haki: kwa maana picha iliyopendwa na maelfu hugeuka ushahidi mbele ya watoto wao, na mtoto hajui kwamba shahidi hakuwapo.

Turudi kwenye methali yetu. Kizuri chajiuza? Picha ya Yeames ilijiuza, nayo ni nzuri. Ya Long ilijiuza kwa bei kubwa kuliko zote, na uzuri wake una mashaka. Za Haydon zilijitembeza mpaka mwenyewe akafa, lakini imani yake kwamba sanaa imepewa deni la kulifunza taifa haikuwa upuuzi. Basi bei yatuambia jambo moja kwa hakika, nalo ni kile mnunuzi alichopenda kukisikia. Haituambii kama ni kweli, wala kama chastahili kupendwa. Na tuwape matajiri wale haki yao: wengi waliyatoa mali yao kwa umma, na leo mtu asiye na senti aweza kusimama London mbele ya picha za Sheepshanks na kuzihukumu atakavyo. Walinunua kwa ladha yao, wakatuachia nafasi ya kutumia yetu.

Kwa hiyo, msomaji, utakapokutana na picha ya mambo ya kale, katika jumba la makumbusho, juu ya noti ya fedha, au katika kitabu chako cha shule, usiisifu kwa kuwa yasifiwa, wala usiibeze kwa kuwa ni ya wageni. Iulize maswali matatu. Ni nani aliyeilipia? Ilikusudiwa kutundikwa ukuta wa nani? Na ni nani asiyesema neno ndani yake? Picha njema itayastahimili maswali hayo, na pengine itakurudishia la kwake, kama mtoto yule wa nguo za buluu anavyokutazamisha moyo wako mwenyewe. Picha mbaya itanyamaza, hata kama fremu yake ni ya dhahabu.